Kapu la Shuka Chafu

Wiki iliyopita mliniacha mbele ya meza ya Mhariri, mkoba nimeukumbatia, nangoja aseme kama nimefukuzwa kazi au sijafukuzwa.

Sikufukuzwa. Ningefukuzwa siku ile, leo nisingekuwa na haya ya kuwaandikia.

Wewe unayenisoma kwa mara ya kwanza usihangaike, nitakufikisha upesi. Mimi ni mjane, nilisoma shule ya msingi nikaishia hapo. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mitambo ya kuchapia gazeti. Mhariri wa gazeti hilo alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na kweli akamzika, kisha akanipa kazi ya kuandika matangazo ya vifo. Alisema mjane hatakosea maneno. Kutoka kwenye vifo nikapanda hadi habari za mahakamani na za hospitali. Hizo niliziandika asubuhi. Alasiri niliandika hadithi, ikatoka kila Jumamosi kwenye gazeti hilohilo.

Habari ilinilisha. Hadithi ndiyo iliyonifanya nitake kuamka.

Tatizo ni kwamba wasomaji walianza kuchanganya. Niliweka kwenye hadithi hakimu anayesinzia kitini, hakimu wa kweli akapiga simu kuuliza nimemwona lini. Ndipo Mhariri akaniita.

"Shemeji," aliniambia, "mshika mbili, moja humponyoka."

"Na zikiponyoka zote?"

"Utabaki na mikono. Sikiliza. Habari isiingie kwenye hadithi, na hadithi isiingie kwenye habari. Siku nitakayozikuta zimelala kitanda kimoja, tutaachana."

"Niache ipi?"

"Tutajua siku hiyo."

Nikasema sawa. Nilisema kwa moyo mweupe, Mungu ni shahidi yangu.

Mume wangu alikuwa na msemo wake: habari huulizwa, hadithi hungojewa. Mimi kosa langu lilianzia hapo. Hadithi nazo nilikuwa naziuliza. Mahakamani walinizoesha vibaya, siwezi kuandika mlango mpaka nijue unafungukia ndani au nje.

Wakati huo hadithi yangu ilikuwa na mwizi. Mwizi mzuri, mcheshi, wasomaji walimpenda kuliko polisi. Nilimwingiza kwenye stoo ya dawa ya hospitali, akajaza mifuko, halafu akakwama. Getini kuna mlinzi. Nitamtoaje?

Hadithi nilikuwa naiandikia kwa binti yangu. Ana duka la dawa ng'ambo ya barabara, mkabala na hospitali, lenye pazia la bluu. Chumba cha nyuma kina ubaridi mzuri. Aliniwekea kimeza kifupi huko, amekifunika kwa kitambaa cha maua alichokishona mwenyewe. Kimeza chenyewe kilikuwa kinanichoma magoti, lakini cha kupewa na mwanao hukisemi vibaya.

Kila nikifika aliniuliza swali lilelile, mkono kwenye redio.

"Leo habari au hadithi, Mama?"

Nikisema habari, redio iliendelea kuimba. Nikisema hadithi, aliizima.

Siku hiyo nilisema hadithi. Redio ikanyamaza. Nikakaa pale, kalamu mdomoni, nikangoja. Na wazo likaja kama limetumwa. Kapu la shuka chafu! Hospitali kila siku inatoa makapu ya shuka kwenda kwa dobi. Nani atatia mkono kwenye damu ya wagonjwa atafute kilicho chini?

Nilimshukuru Mungu kwa wazo lile. Mpaka leo sijui kama lilitoka kwake.

Ila mimi na hadithi mnatujua. Je, kama makapu hupekuliwa? Msomaji mmoja tu anayefanya kazi hospitalini akicheka, mwizi wangu amekufa. Kesho yake nikaenda kuuliza.

Kwenye dirisha la dawa palikuwa na mstari. Mwanamke mmoja alikuwa amemshika baba yake kwapani, mzee anahema kwa mdomo. Sauti ikatoka dirishani: "Hiyo hakuna. Kanunue nje."

"Nje wapi?" mwanamke akauliza, lakini dirisha lilikwishamgeukia mwingine.

Nikamgusa bega. "Vuka barabara, dada. Duka lenye pazia la bluu. Ni la binti yangu. Yule hakosi kitu."

"Mungu akubariki, mama."

"Amina," nikasema. Na nikajisikia vizuri, niwaambie ukweli. Nikajiona mtu wa msaada.

Mtunza stoo tulikuwa tukimwita Bwana Funguo. Funguo zake zilining'inia kiunoni, ukimsikia anakuja unajua ni yeye kabla hujamwona.

"Mama Hadithi," akaniita. "Kafa nani leo?"

"Hajafa mtu. Nina swali."

"La gazeti?"

"La hadithi."

"Uliza. Ila usinifanye mwizi, mke wangu anasoma."

"Kapu la shuka chafu likifika getini, linapekuliwa?"

Kicheko kikamkauka usoni.

"Nani kakutuma?"

"Hajanituma mtu. Kuna mwizi wangu amekwama humo ndani na dawa. Nataka kumtoa."

"Kumtoa nani?"

"Mwizi wangu."

"Anaitwaje?"

"Jina sijampa bado."

Akasogea karibu. Alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo. "Kwa hiyo jina bado hujapata."

"Bado."

"Na ukilipata?"

"Si nitaliandika?"

"Mama," akasema polepole, "sisi tumeheshimiana siku zote. Nikikuona nakupa kiti. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi tuendelee kuheshimiana." Akaingia ndani akafunga mlango wa stoo, na muuguzi aliyekuja kuchukua dripu akabaki ameduwaa, karatasi mkononi.

Nikadhani amegombana na mkewe. Mimi ninayejisifu kuwa macho, nikatoka pale nikimwombea amani ya ndoa.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimemaliza sala, nabandika maji ya chai, nikasikia mlango. Alikuwa mkwe wangu.

Mkwe wangu ni mtu wa adabu. Tangu amwoe binti yangu, kizingiti changu havuki mpaka aombwe na aombwe tena, na akiingia hukaa kiti cha karibu na mlango kama mtu aliyeacha gari barabarani. Siku ile alipita moja kwa moja hadi jikoni, akakaa sakafuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kiti kile pale."

"Hapa panatosha." Kofia ya kazi alikuwa anaizungusha mikononi. "Mama, umeshajua."

Sasa sikilizeni. Mtu akimwambia mwandishi wa habari kwamba umeshajua, mwandishi haulizi nimejua nini. Ananyamaza. Ukimya ni shimo, na watu hawapendi shimo, watalijaza wenyewe. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazini. Nilinyamaza kwa mazoea tu, kama anayekuna mahali pasipomwasha.

Akalijaza.

"Bwana Funguo kanipigia simu. Kasema umemuuliza habari za kapu, waziwazi, mbele ya watu. Kasema umebakiza jina tu." Akameza mate. "Jina ni langu, Mama. Gari la shuka naendesha mimi. Yeye anafungua stoo, dawa zinakaa chini, shuka juu. Mlinzi akiona damu anageuza uso."

Maji yalianza kuchemka. Sikuyaepua.

"Tangu lini?"

"Mama, usiniulize hivyo unavyowauliza watu."

"Unazipeleka wapi?"

"Zinanunuliwa. Wanunuzi wapo."

"Mke wako anajua?"

Hapo ndipo aliponitazama machoni kwa mara ya kwanza. "Hajui kitu. Naapa. Yeye mwache kabisa."

Nikasema ahsante Mungu. Nyumba inaungua na mimi nashukuru kwamba chumba kimoja hakijashika moto.

"Mimi nilikuwa sijui lolote," nikamwambia.

"Hukujua?"

"Nilikuwa natafuta maneno ya hadithi."

Kofia ikamwanguka. Tukatazamana, yeye chini, mimi nimesimama na kifuniko cha sufuria. Angekunywa chai kwake asubuhi ile, ningekuwa sijui mpaka leo.

Kisha uso wake ukaanza kupata nuru, na nuru ile ndiyo iliyoniogopesha. "Basi imekwisha, Mama. Mhariri wako akikuuliza, mwambie ni hadithi tu. Si ndiyo kweli?"

"Ilikuwa kweli jana."

"Basi sema ya jana."

"Leo nimeshajua."

"Neno ni lilelile, Mama. Hutakuwa umeongeza wala kupunguza."

"Mungu hasikilizi neno peke yake."

Akainamisha kichwa. Nilidhani analia, lakini aliposema sauti ilikuwa kavu. "Wewe umekuwa mjane kwa kufiwa. Binti yako atakuwa mjane na mume yuko hai. Atakuwa anampelekea sabuni gerezani. Ukisali jioni, mwambie Mungu na hilo."

Akaondoka. Chai hakuinywa, mimi pia sikuinywa.

Simu ikalia sijafika hata chumbani. Mhariri.

"Shemeji, njoo." Akakata. Hata salamu hakunipa.

Chumba cha habari kilikuwa na kelele zake za kawaida, feni inayogonga, watu wanabishana juu ya picha. Mwandishi wa michezo, tunayemwita Penalti, alinikamata njiani.

"Mama Hadithi, yule mwizi ametokaje? Mke wangu amenisusia, kasema nisirudi bila jibu."

"Hajatoka."

"Mtoe basi, mama, nile chakula."

Nikapita. Kwa Mhariri mlango ulikuwa wazi, akanionyesha kiti, kisha akaufunga mwenyewe. Hiyo hakuwahi kuifanya.

"Mtunza stoo wa hospitali amenipigia. Unajua kaniambia nini?"

"Sijui."

"Kasema, mkataze yule mama, tutaelewana. Shemeji, mtu asiye na kitu hasemi tutaelewana. Mtu asiye na kitu hutukana. Huyu alikuwa anabembeleza." Akaketi juu ya ukingo wa meza. "Nina swali moja tu, na sitalirudia. Ulichoenda kuuliza kule, ni habari au ni hadithi?"

Nikanyamaza. Na yeye akanyamaza. Tulifundishwa kazi moja.

Mwishowe aliona aibu kunifanyia hivyo. "Nikueleweshe. Ukisema hadithi, nitakuamini. Mume wako hakunidanganya hata siku moja, na wewe vilevile. Nitampigia yule bwana nimwambie alale usingizi, na wewe utakwenda kummalizia mwizi wako. Ukisema habari, unakaa pale, unaandika, inatoka kesho ukurasa wa kwanza kwa jina lako."

"Na hadithi?"

"Hadithi basi. Tulikubaliana."

"Sasa nikisema kweli ndiyo nipokonywe?"

"Fikiri, shemeji. Wakili wao atasimama atasema, huyu mama ni mtunzi, kila Jumamosi anatunga, na hili amelitunga. Nitamjibu nini? Nitasema aliacha. Lazima iwe kweli kwamba umeacha."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Ningesema hadithi, ningebaki na vyote. Kazi, mwizi wangu wa Jumamosi, mkwe, chai ya Jumapili kwa binti yangu. Neno moja tu, na wala halikuwa geni mdomoni mwangu.

Kichwani nikamwona yule mwanamke wa dirisha la dawa na baba yake wakivuka barabara.

Nikajifanyia hesabu ya mtu aliyekwisha kushindwa. Mkwe atakwenda, lakini binti yangu hajui kitu, amesafishwa kwa kiapo. Atalia, atanichukia, kisha atabaki. Nitatoa mmoja nibaki na mmoja. Wangapi hubaki hata na huyo mmoja?

Penalti akachungulia kwenye kioo cha mlango. "Mhariri, ule ukurasa wa kwanza uko wazi. Niujaze mpira?"

"Ngoja wewe."

"Jana ilikuwa hadithi," nikasema.

"Na leo?"

Nilijaribu kuomba dua, lakini dua yenyewe ilikuwa inataka jibu kwanza.

"Leo ni habari."

Hakufurahi. Nilidhani atafurahi. Nikamweleza dawa zinavyotoka kwenye makapu. Alichukua karatasi akaniwekea mbele, na kalamu yake mwenyewe. "Stoo inafunguliwa na yule bwana. Nje anayezitoa ni nani?"

"Dereva wa gari la shuka."

Aliinamia meza aandike, mkono ukasimama. Yeye alikuwa kwenye harusi. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa marehemu, akamkabidhi binti yangu kwa mumewe.

"Si yule..."

"Ndiye."

Alikwenda dirishani. "Mtu haandiki habari ya nyumba yake," akasema bila kugeuka. "Siku nyingine ningempa mwingine. Lakini aliyeambiwa ni wewe peke yako. Ukitoka hapo kitini, habari imetoka nawe."

"Sitoki."

"Wewe mwanamke," akasema. Hakumalizia.

Nikaandika. Aya ya kwanza ilikuja haraka, na niliona haya ilivyokuja haraka. Mtu anaweza kuandika nyumba yake inavyobomoka na bado akahangaika na nukta iwekwe wapi. Niliandika stoo, niliandika kapu, niliandika damu inayomgeuza mlinzi uso. Nilipofika kwenye jina la mkwe wangu nililiandika lote, na la baba yake, kama tunavyowaandika washitakiwa.

Mhariri alisoma akiwa amesimama. "Upande wa pili," akasema.

Hiyo ni sheria ya kazi, na mimi mwenyewe nimewafundisha vijana kadhaa. Habari haitoki kabla ya kumuuliza anayetuhumiwa, hata kama ni shetani, hata kama unajua atakachojibu. Unampigia, unamsomea, anasema lake, unaliandika chini kabisa.

"Nimemsikia nyumbani kwangu," nikasema.

"Pale alikuwa anaongea na mama mkwe. Sasa aongee na gazeti."

Akanisogezea simu. Nikapiga namba ya mkwe wangu. Iliita sana, mpaka nikaanza kutumaini. Kisha ikapokelewa.

"Mama?"

Alikuwa binti yangu. Nyuma yake nilisikia redio, na mlio wa kengele ndogo ya mlango wa duka.

"Mumeo yuko wapi, mwanangu?"

"Yuko chumba cha nyuma. Amelala chini, uso ameufunika. Kanieleza yote."

"Mpe simu."

"Mama, uko wapi hapo?"

"Kazini."

"Unaandika?"

"Naandika."

"Habari au hadithi?"

Aliuliza vilevile kama kila alasiri. Nilikuwa kama namwona, mkono kwenye redio.

"Habari, mwanangu."

Redio ikazimwa.

"Basi usimwandike yeye," akasema.

"Amekubali mwenyewe. Hukuwepo. Alikubali jikoni kwangu."

"Alikubali kwa sababu alidhani unanitafuta mimi. Mama, yule ni dereva. Hajui dawa ya minyoo wala ya homa, ukimpa zote atakunywa zote. Nani alikuwa anamwambia Bwana Funguo leo toa hii, kesho toa ile? Mtu mwenye gari au mtu mwenye duka?"

"Usiniambie hivyo."

"Nani hakosi kitu, Mama? Si wewe unayewaambia watu? Wanakuja hapa wanasema tumetumwa na mama yako, kasema hukosi kitu."

Mhariri alikuwa ananitazama mdomo.

"Ile meza unayoandikia," akasema binti yangu, "umewahi kufunua kitambaa?"

Sikuwahi. Lakini magoti yangu yalijua. Vile vijiti vilivyokuwa vinanichoma, vilivyosukwa, vinavyopinda kama ubavu. Ile harufu ya dawa ya kufulia niliyodhani ni ya duka. Halikuwa meza. Lilikuwa kapu, kubwa, limepinduliwa, na juu yake maua aliyoyashona kwa mkono wake.

"Kila siku nilikuwa nakuona umeliinamia unaandika," akasema. "Najiambia, leo ataona. Mama anaona kila kitu, leo ataona, na leo itakwisha. Nakuletea maji, nasimama hapo, nangoja. Nawe unasema ahsante mwanangu, ubaridi mzuri huu."

"Sikuona, mwanangu. Mungu ni shahidi, sikuona."

"Uliona. Ukaliweka kapu kwenye hadithi."

Karatasi ilikuwa mbele yangu, jina la mume wake katikati yake, wino umekauka. Penalti aligonga kioo, akaonyesha saa yake, akaondoka. Simuni binti yangu hakukata. Nilikuwa namsikia akipumua, kama nilivyokuwa nikimsikia utotoni mwake, nikiwa sijui kama amelala au ananisubiri nilale.

Mhariri akainama, akaziba simu kwa kiganja ili asisikike upande ule.

"Shemeji," akanong'ona, "upande wa pili unasemaje?"